Ada ya Kutunza Hela Ambayo Haipo

Jamani hivi hela ikilala benki huwa inakula nini? Mteja kaniingizia 30,000 ya suti ya kipaimara ya mwanae, naenda kutoa nakuta 24 na vijisenti. Eti ada ya kutunza akaunti. Akaunti ilikuwa tupu tangu sikukuu, walikuwa wanatunza nini, buibui? Kumbe ada zilikuwa zinalimbikizwa kimya kimya zikinisubiri.

Nikafunga cherehani, nikavaa koti la ibada maana mtu hadai haki na vumbi la Ngarenaro hapa Arusha, huyo mpaka Mnara wa Saa. Konda hana chenji, hayo tushazoea. Benki madirisha sita, mhudumu mmoja.

Kwenye foleni niko na chalii mmoja ana digrii yake, anauza kava za simu Soko Kuu. Akaniambia mzee wangu, Wamarekani haya walishayachoka, Septemba 17, 2011 wakahamia na mahema yao Zuccotti Park pale New York, jirani kabisa na Wall Street, mtaa wa mabenki makubwa, kisa mabenki yalichezea mikopo ya nyumba mpaka 2008 yakaanguka, serikali ikatenga dola bilioni 700 kuokoa hali, huku raia wananyang'anywa nyumba na vijana wana digrii na madeni ya chuo ila kazi hamna. Nikamwambia kama wewe. Akanyamaza kidogo.

Akaendelea, wale wa New York wakajiita asilimia 99, yaani raia wote ukiwatoa matajiri wachache, ile asilimia moja. Na kwa vile vipaza sauti vilikatazwa, mtu anasema kipande, walio karibu wanakirudia kwa nguvu ili wa nyuma wasikie.

Hapo ndo shetani akaniingia. Nikakohoa kiuzee, nikasimama. "Ndugu wateja!" Chalii peke yake: "Ndugu wateja!" Nikaongeza, "Nimekatwa elfu sita!" Mama mmoja muuza ndizi akadakia, "Elfu nane!" Nikamwambia mama rudia tu nilivyosema, akasema sirudii, yangu ni nane, kwanini niseme sita? Basi utaratibu ukafa, huyu anataja yake, yule yake, mnada mtupu. Mlinzi akaja mbio, "Mzee, shusha sauti!" Foleni nzima ikaitikia, "MZEE, SHUSHA SAUTI!" Mpaka mhudumu dirishani akainamisha kichwa anacheka.

Meneja akatoka, akanipa shikamoo ile ya kukunyang'anya silaha, nikaingizwa ofisini kwenye kiyoyozi na maji ya chupa. Mzee, ni gharama za uendeshaji. Nikasema sawa mwanangu, nichapie basi taarifa nione mlivyokata. Akasema taarifa ina ada. Yaani nilipie kuangalia nilivyolipishwa! Heshima yote iliniishia pale pale, koti nikalivua. Ile suti umeme ulikatika nikamalizia vifungo kwa tochi ya simu, macho yanauma mpaka leo, wewe unaniambia uendeshaji, unaendesha nini?

Nje nikamuuliza chalii, wale wa mahema walishinda? Akasema Novemba 15 polisi waliwatoa usiku. Ila mwaka huo huo Bank of America ilitangaza kukata dola 5 kwa mwezi kwa mtu kununulia vitu na kadi yake mwenyewe, watu wakachachamaa wakatishia kuhama, ikaufuta mpango kabla haujaanza. Sawa, sisi tuhamie wapi? Kwenye simu ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa, na tozo ya 2021 sijaisahau. Kibubu nacho meneja wake ni mke wangu, na huyo taarifa hatoi hata ukilipia.

Labda vikoba, ila kule kuchelewa faini, kupokea simu faini, juzi nimeguna tu nikaandikiwa utovu wa nidhamu, na mwenyekiti mwenyewe ni shemeji yangu, Jumapili alikuwa kwangu anakula makange na kuongeza pilipili ya kwangu bila kuuliza, halafu anasema chumvi imezidi.