Nimeuza Ng'ombe Watatu Nikanunua Ubongo

Jamani, nimeuza ng'ombe watatu nikanunua ubongo. Wa lori. Mke wangu anasema kama hela ilikuwepo siku zote hizo, tungeanza na wa kwangu.

Maana siku hizi lori nalo lina ubongo. Mafundi wanauita kontroboksi. Ni kasha la alumini, ukubwa wa kaunta buku, limefungwa ubavuni mwa injini juu ya mipira ili lisitikisike, lina plagi mbili zenye pini nyingi kuliko meno ya mamba. Humo ndimo inapoamuliwa kila nozeli imwage dizeli kiasi gani na kwa wakati gani. Wewe ukikanyaga mafuta, usidhani umekanyaga mafuta. Umepeleka maombi. Boksi linapokea barua yako, linaangalia joto la injini, linaangalia upepo ambao tabo inausukumia injini, likiridhika linakujibu. Lisiporidhika utakanyaga mpaka soli itoboke.

Na lina anasa zake. Kwenye lori langu dizeli ikitoka tangini inapitishwa kwanza mgongoni mwa boksi ilipoze, ndiyo iende kufanya kazi. Mimi, baba wa watoto watano, nalala Chalinze kwenye kabini bila feni, mbu wananipigia taarabu, na pembeni yangu kuna kasha linaogeshwa dizeli niliyoinunua mwenyewe.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na Scania iliyounganishwa pale kiwanda cha magari cha TAMCO, Kibaha. Ile ikigoma mnaisukuma kwenye mteremko, mjomba anaachia klachi, inaitika. Ikishawaka, betri ife isife haina habari. Ukitaka kuizima unavuta waya. Siku moja tulisafiri nayo kutoka Morogoro hadi Dodoma betri ikiwa imebaki nyumbani inachajiwa. Nenda kamfanyie hivyo huyu Mswidi wangu, hili lori langu la Sweden la mwaka 1999, uone. Nilimpokea ameshazeekea Uskoti, usukani kulia kama wetu, nikajiona nimelamba dume.

Basi. Nimetoka Mafinga na mbao, nimeshuka Kitonga salama, gia nzito, breki ya injini inakoroma vizuri, naingia Ruaha Mbuyuni kwenye joto lile la mibuyu na vitunguu, lori likazima. Halikukohoa wala kutoa moshi. Kimya, kama mtu aliyekukatia simu. Napiga stata, inazunguka vizuri tu, injini hata haishituki.

Ndani ya dakika kumi nikawa na mafundi kumi na wanne. Sijui huwa wanakaa wapi hawa watu. Lori likiwa linatembea huwaoni, likisimama wanachipuka kama uyoga. Mmoja anasema hewa imeingia kwenye mfumo. Wa pili, pampu. Wa tatu anauliza kama nina ugomvi na mtu kijijini. Akatokea mmoja na tesita, ile taa ya kupimia umeme, akaanza kuchoma mmoja mmoja waya wa sensa, vile vipimo vinavyoliambia boksi hali ya injini, taa isipowaka anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Baadaye ndiyo nikaja kuambiwa waya zile nyingi ni za volti 5, na tesita yake ni ya volti 24. Ni sawa na kumpima mtoto homa kwa pasi.

Pembeni palikuwa na mama mmoja anauza vitunguu. Amekaa juu ya gunia, anatuangalia. Akasema, "Baba, hilo limechemka kichwa tu. Limwagie maji, litaamka."

Nikamwangalia nikacheka. Mama wa watu, endelea na vitunguu vyako. Nikabadilisha filta mbili za dizeli ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikamlipa mwenye tesita, nikamlipa aliyemshikia tesita. Kama saa nzima imepita hivi, napiga stata, lori likawaka lenyewe. Mafundi wote kumi na wanne wakadai ni wao.

Nikaenda kilomita kumi na mbili. Likazima tena.

Hapo ndipo nikamkumbuka yule mama. Utingo wangu akabinua kabini. Sasa wewe ambaye hujawahi kubinua kabini ya lori ulilolilalia wiki nzima, nikueleze. Kila ulichokisahau kinakuja mbele kwenye kioo: chupa ya chai, kandambili moja, maganda ya mahindi, sabuni, soksi uliyomsingizia utingo kuwa ameiba. Mpaka elfu kumi niliyomficha mke wangu ikadondoka ikakaa juu ya dashibodi, utingo akaiona, ikawa yetu wawili.

Akachukua khanga niliyopewa nyumbani ya kujifunikia, akailoweka, akalivika boksi kama mgonjwa wa malaria. Dakika kumi, stata, mvumo. Lori limewaka. Nikatamani kurudi Ruaha Mbuyuni nikanunue gunia zima la vitunguu kwa aibu.

Hivyo ndivyo tulivyokuja Dar es Salaam. Kila likizima, binua, lowesha, subiri, teremsha, twende. Khanga yenyewe ilikuwa ile iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nilikuwa naisoma kila baada ya nusu saa bila kuelewa naambiwa nini.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi nako likazima. Pale si mahali pa kubinua kabini ukaanza kufua khanga. Tulikaa vioo juu, jasho linatuchuruzika, tembo wanavuka barabara kwa mwendo wa watu wasiodaiwa. Mmoja akasimama, akatutazama, akapeperusha masikio. Utingo akaninong'oneza, "Bosi, yule ana rejeta kubwa kuliko yetu." Lilipopoa likawaka. Tukaondoka polepole, hata kumsalimia mtu hatukuthubutu.

Dar nikapelekwa kwa kijana mmoja wa kupima magari kwa kompyuta. Kijana mdogo, rika la mwanangu wa tatu, mikono misafi kabisa. Fundi mikono misafi! Mjomba angemfukuza getini. Akachomeka waya wake chini ya dashibodi, akaanza kuita vitengo kimoja kimoja kama mwalimu anavyoita majina. Breki, wapo. Dashibodi, yupo. Namba 128, injini… kimya. Anaita tena. Kimya. Mara akaitika, mara akapotea.

Hakukimbilia kuniuzia kitu, nampa haki yake. Alipima kwanza umeme unaoingia kwenye boksi, akapima fyuzi, akafuata ethi, ule waya wa kurudishia umeme, mpaka kwenye chesesi akakuta imeliwa na kutu, akaifungua, akaipiga msasa, akafunga mpya. Hiyo peke yake huwa inawaponya wengi, alisema, watu wanatupa boksi zima kumbe ugonjwa ni kutu ya shilingi elfu mbili. Mimi nikaanza kufurahi. Akapasha boksi joto kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni ya jirani. Likafa palepale. Furaha yangu nayo ikafa.

Ndipo akaniuliza, bila hata kuniangalia: "Mzee, kuna mahali ulichomelea hivi karibuni?"

Nikasema hapana. Nikasema haraka, kwa ile sauti unayomjibia mkeo kabla hajamaliza swali.

Utingo akasema, "Bosi, si lile bampa Mafinga wiki iliyopita?"

Huyu mtoto namlisha mimi.

Ni kweli tulichomelea bampa. Na ni kweli mchomeleaji aliniambia, mzee fungua betri kwanza, na mimi nikamwambia choma bwana, dakika mbili tu, mbao zinanisubiri. Kumbe umeme wa kuchomelea ukikosa njia nzuri ya kurudi, unapita popote unapopaona, na popote penyewe ni ndani ya boksi langu. Dakika mbili zile zina ng'ombe watatu.

Boksi jipya bei yake nilitajiwa nikaomba kiti. Nikaenda Gerezani kutafuta la mtumba. Kijana alinipa namba zilizoandikwa kwenye kibandiko, akanisisitiza herufi kwa herufi. Muuzaji akaniletea boksi linalofanana na langu kama pacha, namba za mwisho tofauti. "Mzee, hilo ni lilelile, tofauti ni stika tu." Na mtoto wangu na wa jirani tofauti yao ni jina tu, lakini mbona wanarudi nyumba tofauti? Nikazunguka siku mbili. La tatu ndilo likalingana. Milioni mbili na nusu baada ya kugombana mpaka tukawa marafiki.

Tukalifunga, na lori likajiona lori la mtu mwingine. Umeoa mjane, sawa, lakini anakuita kwa jina la marehemu! Namba ya chesesi si yangu. Namba ya injini si yangu. Langu ni la nguvu za farasi 420, boksi linasisitiza 380. Usisafirie nyota ya mwenzio. Nikaelewa khanga.

Ikabidi lifundishwe upya. Kijana akaunganisha chaja kwenye betri zote mbili umeme usishuke, akatuambia: mtu asifungue mlango, asiwashe taa, asiguse honi, umeme ukiyumba katikati boksi linageuka tofali. Kwenye kioo cha kompyuta pana mstari unajaa kijani. Asilimia 10. Asilimia 11. Tumesimama watu wazima sita tunautazama mstari kama tunasubiri mwezi wa Idi. Ulipofika 63 ukasimama. Kijana akaacha kutafuna jojo. Mimi nikaanza kuwataja ng'ombe wangu kwa majina. Hapo utingo akapiga chafya, wote tukamgeukia kwa chuki ambayo sijawahi kuiona hata msibani kwenye mirathi.

64.

Lilipofika 100 kijana akasema piga. Nikapiga. Likaitikia mara moja, mvumo safi, taa ya injini ikazima yenyewe. Nililia kidogo. Moshi, nikawaambia.

Khanga nimemrudishia mwenyewe. Ameinusa, akanitazama, akaitundika nje, na mbuzi wa jirani hadi leo hapiti upande ule. Boksi la zamani linazuia mlango wa jikoni usijifunge. Kazi hiyo linaiweza.

Jumatatu nikaondoka kurudi Mafinga. Mlandizi hivi, lori linakwenda kama limezaliwa jana, nikasema sasa niwashe redio nisikilize taarifa ya habari kama binadamu. Kumbe tulipofungua betri, redio nayo imejifunga. Inataka namba nne za siri, na anayezijua yuko Uskoti.

Nikampigia kijana. Akacheka. "Mzee, hiyo ni kazi nyingine."