Siku zako zimebaki 2

Kwanza niwaeleze server yetu ilikuwa inaishi wapi ndo mtaelewa kwa nini bosi aliamua kuihamisha. Ilikuwa stoo, kule tunakorundika betri mbovu zinazorudishwa na wateja, imekalishwa juu ya boksi la paneli, pembeni ndoo ya deki, na mbele yake feni ya mezani inaipuliza kutwa nzima kwa sababu AC ya stoo ilikufa kabla mimi sijaajiriwa. Na sisi ni kampuni ya sola jamani. Hapa hapa Mwanza. Tunauza jua, halafu server inakula umeme wa LUKU. Mganga hajigangi.

Kwa wasiojua hizi sola za kulipia kidogokidogo zinavofanya kazi: mteja anatoa kianzio, fundi anapanda kwenye bati anafunga paneli, ndani taa nne, redio na sehemu ya kuchajia simu, afu mteja analipia kwa siku au kwa wiki kwa M-Pesa au Airtel Money. Akishalipa taarifa inaingia kwenye server yetu, server inatengeneza tokeni, inamtumia kwa meseji, anazibonyeza zile namba kwenye sanduku lake la sola na sanduku linaanza kuhesabu siku alizonunua. Siku zikiisha linajifunga, giza. Akimaliza deni lote anapata tokeni ya mwisho, sanduku linafunguka moja kwa moja na linakuwa lake mpaka anakufa.

Sa wateja wakiwa wachache server ikizima sio kesi, unawapigia simu unawaomba radhi. Ila tulishavuka Mwanza, tuko Geita, tuko Simiyu, tuko Kagera, mpaka visiwani huko Ukerewe, na Pasaka ya 2024 gridi ya taifa ikazima usiku. Wateja wetu vijijini taa zinawaka kama kawaida, jirani zao wa mjini wako gizani wanawaonea wivu, na sisi tuliowauzia tunatafuta server kwa tochi ya simu. Waliolipia usiku ule hawakupata tokeni mpaka mchana. Bosi akasema basi, tunahamia kwenye mashine za kukodi, za watu wenye majenereta yao na walinzi wao. Zipo Cape Town, Afrika Kusini.

Akaletwa mtaalamu, Mdachi mmoja, kijana mpole sana, alikuja mara moja akala sato akarudi kwao Uholanzi, kazi iliyobaki ikawa ya mtandaoni. Mimi kazi yangu ilikuwa data, kuhamisha majina, namba za simu, malipo yote tangu kampuni ianze, kwa intaneti ya ofisi ambayo mtu wa mauzo akifungua video tu mimi huku napoteza nusu saa. Meseji hazikuwa zangu. Nasema mapema ili tuelewane.

Zamani meseji zilikuwa zinatumwa na modemu yenye laini za simu, imechomekwa nyuma ya server na kufungwa na rababendi. Mfumo mpya unatuma kupitia kampuni ya nje, na wao wanachaji kila herufi 160, ukizidisha hata herufi moja unalipia meseji mbili. Meseji yetu ya kumkumbusha mteja ilikuwa ndefu kama barua ya posa. Inaanza na jina la kampuni, salamu, siku zako za umeme wa sola zimebaki kadhaa, namna ya kulipia, namba ya kampuni, jiandae mapema usije ukakaa gizani, asante. Bei ilipokuja kwenye kikao mhasibu alishika kichwa. Ikaamuliwa ikatwe. Jina la kampuni la nini wakati litatokea juu pale kama mtumaji? Toa. Namna ya kulipia wateja si wanaijua? Toa. "Za umeme wa sola", mteja wa sola atadhani siku za nini? Toa. Kikao kikapiga makofi, mamilioni yameokolewa.

Kilichobaki ni hiki: "Ndugu (majina matatu), siku zako zimebaki 2. Jiandae mapema usije ukakaa gizani."

Na kwa ambaye siku zimeisha: "Ndugu (majina matatu), siku zako zimekwisha. Tunashukuru kwa muda wote tuliokuwa pamoja."

Majina matatu kamili, kama yalivo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kama tangazo la redio.

Bado ingeweza kupita salama, ila mambo mawili yakaongezeka. La kwanza, jina la kampuni kama mtumaji linatakiwa lisajiliwe na lilikuwa bado halijapitishwa, kwaiyo meseji zikatoka kwa namba ndefu ya nje ambayo hakuna mtu anaijua. La pili ni muda. Dada wetu wa huduma kwa wateja aliandika kwenye maelekezo kwamba ukumbusho utumwe saa 2 usiku, watu wako nyumbani wanasubiri taarifa ya habari, ndo muda mzuri. Mdachi wa watu akaona 2, akaona usiku, akaweka saa nane usiku wa manane. Na alikuwa makini sana, mashine za Cape Town zinahesabu saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, hayo matatu aliyatoa vizuri kabisa. Masaa sita yetu ya Kiswahili nani angemwambia?

Tukamaliza kuhamisha Jumamosi usiku, tarehe 11 Mei 2024. Tukazima server ya stoo, bosi akapiga nayo picha, tukala chipsi kuku, kila mtu kwake.

Saa nane na dakika chache simu yangu ikalia. Mama yangu mzazi, yuko Misungwi.

"Mwanangu, umelala?"

"Nimelala mama, kuna nini?"

"Amka ukae. Mimi nimeitwa."

Nikadhani kaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, kesi ya mpaka wa shamba haijaisha ile. Kumbe mama kaitwa huko kwingine. Akanisomea, taratibu, herufi moja moja, majina yake matatu, siku zimebaki mbili, asije akakaa gizani. Sola yake nilimfungia mimi kwa mkopo, kwa jina lake. Nikaanza kumcheka, nikamwambia mama hiyo ni sola tu, lala, na hapo hapo kicheko kikakatika maana nilikumbuka kwamba mama yangu sio mteja peke yake.

Asubuhi simu ya ofisi tuliikuta ya moto. Yaani ya moto ya kushika.

Mzee mmoja wa Kwimba, yeye alibakiza siku 1, aliamsha familia alfajiri akagawa ng'ombe. Kila mtoto na wake. Alipoambiwa ni sola akasema sawa nimeelewa, sasa nyie mje muwaambie hawa watoto warudishe, maana mimi wananiambia baba neno lako halirudi. Mama mmoja wa Bunda alitushukuru, mume wake kaenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao, akauliza kama tunaweza kumtumia kila Jumamosi. Halafu kuna huyu kaka wa Geita ambaye hata sasa nikimkumbuka naumwa tumbo, siku zake zilikuwa zimekwisha, sio mbili wala moja, zimekwisha na ameshukuriwa, akaona afe na moyo safi, akamwamsha mke wake pale pale akamweleza kuhusu nyumba ndogo ya Katoro na mtoto aliyeko huko. Mtoto wa darasa la tatu! Kulipokucha hajafa. Akapiga simu ofisini anaongea kwa kunong'ona, yuko nyuma ya choo, anasema "kaka mmenifanya niseme, kaka mbona mmenifanya niseme."

Bosi akaniambia ingia kwenye mfumo zima hizo meseji sasa hivi. Nikafungua laptop. Ukurasa unazunguka. Nikawasha data ya simu yangu, unazunguka. Nikaomba simu ya bosi yenye mtandao mwingine, nao unazunguka. Nikajua password yangu imekataliwa, kumbe asubuhi ile ile nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zote mbili zimekatika kule upande wa Durban, na nchi nzima inazunguka. WhatsApp hakuna. Imeili hakuna. Mashine yetu iko Cape Town, upande wa pili wa mkato, haijui kama kuna shida, ina umeme, ina jenereta, ina intaneti yake inayotoka kwa njia nyingine kwenda Ulaya, na usiku saa nane itatuma tena. Na itapunguza moja. Waliobaki na 2 watapata 1.

Na mbaya zaidi, wale wachache waliogundua ni sola wakalipia haraka haraka, pesa ikakatwa, ila taarifa ya malipo haifiki Cape Town, kwaiyo tokeni haziji na hesabu inaendelea kushuka. Mtu anapiga simu analia, "nimeshalipa na bado siku zangu zinapungua, mnataka nini tena?"

Mdachi tukampigia simu ya kawaida, ya vocha. Jumapili. Hapokei. Hawa watu Jumapili yao ni yao. Saa nane usiku ikafika tukiwa macho wote, mimi na bosi tumekaa ofisini, na meseji ikaingia kwenye simu ya bosi, maana bosi naye ana sola ya maonyesho kwa jina lake. "Ndugu" na majina yake matatu, siku zako zimebaki 1. Mtu mwenye digrii mbili, ameidhinisha ile meseji kwa mkono wake mwenyewe, nikamuona anaisoma mara ya pili. Akaniuliza kwa sauti ndogo hivi hii ni ile yetu kweli. Mama yangu yeye alikuwa kahamia kulala kwa jirani. "Najua ni sola mwanangu, lakini kwa nini inanitaja mpaka jina la babu yako?"

Jumatatu asubuhi Mdachi akapokea. Vocha inakatika kila dakika tatu, bosi anamweleza kwa Kiingereza kwamba watu wanadhani wanakufa, jamaa anajibu kwa upole kwamba ameangalia ripoti na meseji zimefika zote, hakuna hata moja iliyopotea. Anafurahi! Bosi akamwambia kijana wangu, hilo ndilo tatizo. Mdachi akazizima zile meseji.

Sasa kuwatangazia watu kwamba hamfi. Intaneti bado ni ya kuokoteza, ndo likaja wazo la kuifufua server ya stoo, ile modemu na laini zake haihitaji bahari. Tukaichomeka, haiwaki. LUKU imeisha. Mtu akakimbia kununua umeme, ikawaka, feni ikawaka, tukaandika meseji mpya, ndefu, yenye jina la kampuni mwanzo na mwisho: hizi siku ni za umeme wa sola tu, uhai wako hauko kwenye mfumo wetu. Ila ile modemu inatuma moja moja, na orodha imejipanga kwa alfabeti. Saa tatu asubuhi akina Abdallah na Agnes walishatulia wanakunywa chai. Akina Zuhura na Zacharia walikaa na kifo mpaka jioni.

Meseji ilipofika kwenye M, ndo akapiga mzee mmoja wa upande wa Magu. Mganga wa kienyeji, anajulikana, mteja wetu wa taa nne na redio. Amekasirika. Nikajua nayeye kaogopa, nikaanza na pole nyingi, mwangaluka baba, samahani sana baba. Akanikatisha.

"Kijana, hayo matangazo yenu mnayatuma kwa ruhusa ya nani?"

Kumbe tangu Jumapili alfajiri kwake kuna foleni. Watu wamekuja na simu mkononi, kila mtu anaonyesha meseji, na mzee ile meseji ameipata mwenyewe, zake zimebaki 3, ameikunja simu kwenye kaniki na anahudumia wengine kwa moyo mkuu. Dawa ya kuongeza siku. Na dawa inafanya kazi, maana hakuna aliyekufa. Sasa katikati ya huduma simu za wateja zinaanza kulia moja moja, wanasoma kwamba ni umeme, wanamwangalia.

Nikamuuliza na yeye alikuwa anaamini nini muda wote huo. Akanyamaza kidogo. Akasema yeye alijitibu wa kwanza.

Intaneti iliporudi rudi baada ya mitandao kuelekezwa njia nyingine, malipo yaliyokwama yakaingia yote kwa mkupuo, na bosi akaniita nione jambo kwenye ripoti. Kuna mteja wa Magu alikuwa amebakiza deni la karibu mwaka mzima, amelipa deni lote siku moja, Jumapili ile, mpaka shilingi ya mwisho. Tokeni yake ya mwisho imetoka, sanduku limefunguka moja kwa moja. Bosi ambaye hakuwa anajua habari za foleni akasema huyu ndo mfano wa kuigwa, huyu awe mteja wa mwezi, apigwe picha na cheti awekwe kwenye kalenda. Nikatumwa nimpigie.

Mzee akakubali picha, akakubali na cheti, kalenda akaomba nakala kumi za kutundika pale nje kwake. Ila akasema ana sharti moja tu: tukipanga tena kuhamisha mitambo yetu, tumwambie mapema, angalau Ijumaa, atafute vijana wa kumsaidia.