Mpaka wa Geneva na mpaka wa Kasumulu

Vijana wa Mbeya mnaonifuata inbox kuuliza nimeingiaje kwenye kazi ya sera za biashara huku Geneva, leo nawajibu kwa pamoja, ila naomba nianzie kwenye tramu.

Kila Jumamosi napanda namba 17, natoka Uswisi naingia Ufaransa pale Annemasse, nanunua nyama na mboga narudi zangu, mara nyingi hakuna hata anayeniuliza kitu, na Uswisi wala haimo Umoja wa Ulaya! Msidhani hakuna masharti, yapo tena makali, nyama mwisho kilo 1 kwa mtu, na manunuzi yasiyolipiwa kodi yameshushwa kutoka faranga 300 hadi 150. Lakini walitangaza mapema kwamba inaanza Januari 1, 2025, watu wakajipanga.

Sasa njoo kwetu. Mimi ni wa Tukuyu, ndizi zetu na mchele wa Kyela vinapita Kasumulu kwenda Malawi tangu sijazaliwa. Machi 2025 Malawi wakazuia unga, mchele, tangawizi, ndizi, Aprili na sisi tukazuia mazao yao, baada ya siku chache tukafungua. Wote tuko SADC jamani, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, eneo huru la biashara tangu 2008! Shangazi yangu anauza ndizi, akanipigia: "Mwanangu, huko kwenye vikao vyenu huwa mnaongea nini?" Nikamweleza kwamba hata sharti la afya ya mimea tu, kwa taratibu za WTO, Shirika la Biashara Duniani, nchi inatakiwa iwataarifu wenzake, na kwa kawaida itoe siku 60 za maoni. Akaniuliza hizo siku 60 zinafika lini sokoni. Sikuwa na jibu, na swali lile linaniuma mpaka leo.

Mshahara wa huku ni mzuri, sikatai, lakini kitu ambacho ningekibeba kupeleka nyumbani ni hiyo taarifa ya mapema, basi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma uchumi hapo Mbeya, kabla hujatafuta skolashipu nenda Tunduma, mpakani na Zambia, ukae hata wiki. Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, upande wa Zambia, kipo tangu 2019, angalia dereva wa lori anapita madirisha mangapi, angalia mama mwenye gunia mbili anapitia wapi na kwa nini. Zambia haimo EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi tulitoka COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, yule mama anabaki kuitegemea zaidi SADC, na sidhani kama kuna mtu amewahi kukaa naye chini akamweleza haki zake kwa Kiswahili, wakati Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019. Hayo yaandike. Kifaransa utajifunza hukuhuku.

Mimi nakuja likizo Desemba, nitakuwa Kasumulu na shangazi, atakayetaka kuungana nasi aniambie.