Nauli ya Jumapili ndiyo iliyojenga bustani za Marekani

Nyumbani Dar es Salaam, kiwanja cha burudani kikijengwa, swali la kwanza huwa kiingilio ni shilingi ngapi. Huku Pennsylvania, Marekani, bustani kongwe za michezo na bembea zilianza na hesabu nyingine: kuingia bure, faida itafutwe kwenye nauli.

Frank Sprague alionyesha mjini Richmond mwaka 1888 kuwa tramu za umeme, yaani mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli za barabarani, zinaweza kuhudumia mji mzima, na kampuni zikakimbilia kutandaza reli. Siku za kazi mabehewa yalijaa. Jumapili yalikwenda matupu, ilhali mitambo ya umeme na reli zinagharimu vilevile. Basi kampuni ikatafuta shamba lenye miti na maji mwisho wa njia, ikaweka meza za mandari, jukwaa la bendi, ukumbi wa dansi na farasi wa mbao wa kuzunguka. Umeme wa taa ulikuwa umeshafika pamoja na tramu. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianza hivyo mwaka 1898, mahali ambapo watu walikuwa wakila mandari tangu zamani.

Magari binafsi yalipoiua tramu, bustani zilipoteza mlipaji wao na nyingi zikafungwa. Zilizobaki nazo zina mzigo wa matengenezo, maana mbao hazisubiri. Njia ya behewa la kuporomoka, lile la burudani linalopanda na kushuka kwa kasi, ni mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikakazwa kwa boliti, juu yake ukanda wa chuma. Mvua huzivimbisha, jua huzikausha, boliti hulegea. Ndiyo maana fundi huikagua njia kwa miguu kabla ya geti kufunguliwa. Jack Rabbit, behewa la kuporomoka la Kennywood la mwaka 1920, bado linabeba watu. Mbunifu wake, John Miller, aliliwekea magurudumu chini ya reli ili behewa lisinyanyuke. Leap-the-Dips ya mji wa Altoona, hukohuko Pennsylvania, ya mwaka 1902, haina magurudumu hayo, kwa hiyo miporomoko yake haifiki hata mita 3. Ilifungwa mwaka 1985, ikafufuliwa 1999.

Lakini tusizipambe. Bustani ya Glen Echo, iliyofikiwa kwa tramu kutoka Washington, iliwazuia watu weusi hadi 1961, baada ya maandamano ya mwaka uliotangulia. Coco Beach, ufukwe wa wazi wa Dar es Salaam, haimuulizi mtu rangi wala tiketi, na hapo nyumbani tumewashinda mbali.

Tulichokosa ni mlipaji. Daladala na bodaboda hupata nauli ya wanaokwenda Coco Beach kila wikiendi, na nauli hiyo haina njia ya kurudi kwenye vyoo na mapipa ya taka ya ufukweni. Mwendokasi, mabasi ya Dar es Salaam yenye njia zao maalumu, unaweza kuanza: kiwanja kimoja mwisho wa njia, kitengwe kabla ardhi haijauzwa, na sehemu ya nauli ya Jumamosi na Jumapili iende huko moja kwa moja. Kwanza vivuli, maji na vyoo, pamoja na mshahara wa wanaovisafisha. Bembea zije baadaye, na mashine kubwa zisinunuliwe kabla fundi wa kuzikagua kila asubuhi hajaajiriwa.