Msiikate Subaru Miguu ya Mbele

Kuna ombi ambalo mafundi wa Dar es Salaam wanaletewa na vijana, na mimi nalipinga waziwazi. Kijana ana Subaru Impreza au Forester, gari la fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, anataka livute nyuma tu. Mmoja anataka kudrifti, yaani kulitelezesha gari mkia kwa makusudi kwenye kona. Mwingine ameambiwa litapunguza ulaji wa mafuta. Wa tatu gari lake limeshaanza kusumbua, na mtaani wamemwambia dawa ni kutoa shafti za mbele, zile fimbo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu.

Nianze na wa drifti, maana yeye angalau anajua anachokitaka. Subaru ya manyuali imebeba vitu vitatu kwenye giaboksi moja: gia zenyewe, difu ya mbele inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kwenye nyingi, difu hiyo ya katikati ina kifaa chenye mafuta mazito ambacho hubana pale upande mmoja unapozunguka kuliko mwenzake. Sasa ukitoa shafti mbili za mbele ukaiacha difu ya katikati kama ilivyo, nguvu inakimbilia kule kusiko na mzigo. Mbele kunazunguka bure, gari linajikongoja, na kile kifaa cha katikati kinachemka mpaka kinakufa. Kwa hiyo difu lazima ifungwe kabisa, ama kwa kuchomelewa, ama kwa kuwekewa kipande cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna jambo dogo linaloweza kuua mtu. Shafti ya mbele haizungushi gurudumu tu. Kichwa chake cha nje kinapita katikati ya beringi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kukazwa na nati kubwa, na hicho ndicho kinachoibana beringi isifumuke. Fundi akichomoa shafti nzima na kuacha tundu tupu, gari linarudi barabarani gurudumu la mbele likiwa limeshikwa na beringi isiyobanwa na kitu. Anayeijua kazi anafungua jointi ya nje, anakirudisha kile kichwa peke yake kwenye habu, anakaza nati kama zamani. Nimewahi kusimama kwenye gereji moja Tabata, fundi kakishika kipande hicho mkononi, grisi nyeusi inamchuruzika hadi kwenye kiganja, anamwonyesha mteja meno ya chuma hicho yalivyolika.

"Mdogo wangu, hiki kikikosekana hapa, gurudumu litakuacha njiani."

"Na difu je, fundi?"

"Nikishaichomelea, hakuna kurudi. Siku ukiitaka fowili yako utatafuta giaboksi nyingine."

Huyo ni fundi ninayemheshimu. Alisema ukweli kabla ya kuchukua hela.

Na bado hatujafika nyuma. Impreza na Forester nyingi zina difu ya nyuma ya R160, namba inayotaja kipenyo cha gia yake kubwa kwa milimita. Impreza za STI zikaja kupewa R180 kwa sababu nguvu ilizidi. Ukiondoa mbele, ile difu ndogo inabebeshwa yenyewe mzigo uliokuwa wa ekseli mbili. Isitoshe, injini ya boksa ya Subaru, ile yenye pistoni zilizolala pande mbili, imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo uzito uko mbele na nguvu umeihamishia nyuma, kwenye upande mwepesi. Fikiria mvua ya kwanza ya vuli, lami ina vumbi na oili ya miezi, Barabara ya Bagamoyo imejaa bodaboda na abiria wanaokimbilia daladala. Mkia ukitoka hapo hauna pa kwenda ila kwa watu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haina msamaha kwa uendeshaji wa hatari, na mimi nasema ni sawa kabisa.

Subaru wenyewe walipotaka gari la kuvuta nyuma, hawakukata lolote. Mwaka 2012 walitoa BRZ, waliyoitengeneza pamoja na Toyota. Injini ni boksa vilevile, lakini waliishusha chini na kuirudisha nyuma ili uzito ukae sawa. Kinyume chake, Nissan Skyline GT-R ya 1989, R32, asili yake ni kuvuta nyuma, na magurudumu ya mbele huitwa kwa klachi pale yanapohitajika. Gari kama hilo ukilitoa shafti ya mbele unalirudisha kwenye asili yake. Subaru hairudi popote. Kijana mwenye hamu ya kuvuta nyuma Dar es Salaam auze Impreza yake anunue Altezza, Verossa au Mark X isiyo ya fowili. Spea zake zipo Gerezani, mafundi wanazijua, na hakuna cha kuchomelea.

Wenye Forester za otomatiki za gia nne, ambazo ndizo nyingi mjini, wasidanganywe hata kidogo. Nyingi kati ya hizo, mbele imeunganishwa moja kwa moja na nyuma inapewa nguvu kupitia klachi. Ukitoa shafti za mbele, nguvu yote inapita kwenye klachi ambazo hazikutengenezwa kubeba yote. Zitaungua.

Habari ya mafuta nitaipita haraka. Kwenye foleni ya Mwenge au Buguruni, Subaru inakula kwa sababu ni nzito na injini inaunguruma imesimama. Hata ukitoa shafti za mbele, gia za difu ya mbele bado zinazunguka ndani ya giaboksi.

Ninayemwonea huruma ni yule wa tatu. Gari lake likikata kona kali kwenye maegesho linakaba, kama limeshikwa breki, linatetemeka. Anaambiwa fowili imekufa, toa shafti. Kumbe mara nyingi ugonjwa umeanzia kwenye matairi: kanunua mtumba wawili Ilala, wawili wa nyuma ni wa zamani vipara. Subaru wanataka mzingo wa matairi manne usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Likizidi hapo, difu au klachi inafanya kazi hata kwenye njia iliyonyooka. Sawazisha matairi kwanza. Kama ni otomatiki ya zamani, badilisha oili ya giaboksi, kisha tafuta kwenye injini kisanduku kidogo kilichoandikwa FWD, yaani kuvuta mbele tu. Ukiweka fyuzi hapo, nyuma inaachiwa. Kama kukaba kunaisha, mwambie fundi, kwa sababu klachi inaweza kufunguka na tatizo huenda likawa dogo. Kama hakuishi, aanze kuangalia solenoidi, ile vali ya umeme inayoongoza klachi, na klachi zenyewe. Kwa vyovyote, hilo ni jambo la kupimwa kabla mtu hajashika spana ya kutoa shafti.

Na mafundi, ndugu zangu, mkilazimika kulifanya gari hivi kwa ajili ya uwanja uliofungwa, liandikeni kwenye karatasi ya kazi na mwenye gari apewe nakala. Magari haya yanauzwa. Mama wa Goba ananunua Forester kwa sababu mlima wa kwake wakati wa masika ni utelezi mtupu, dalali kamwambia ni fowili, nembo ya AWD, yaani magurudumu yote yanavuta, ipo nyuma. Ana haki ya kuambiwa kabla ya kulipa kwamba mbele hakuna kitu.