Mbuzi Akae Wapi?

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina miaka 61, nimeoa, nimeozesha, nimezika, nimewahi hata kuwa mweka hazina wa msikiti mwaka mzima na hesabu zikakaa sawa. Leo asubuhi nimesimama kwenye duka la marumaru, kijana ambaye ndevu zake bado zinasitasita ananitazama usoni, ananiuliza: "Mzee, kwani wewe ni mtu wa staili gani?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa Barabara ya 12.

Hakucheka. Aliandika.

Kabla hamjaanza kunishauri, maana Tanga hii kila mtu ni mshauri na hata muuza machungwa wa pale kona keshanipa maoni yake kuhusu sinki, nawaambia hali ilivyo. Jiko langu halina paa. Lilikuwa nalo mpaka wiki tatu zilizopita. Fundi alisema siku nne, na siku nne za fundi mnazijua wenyewe. Chipsi mayai nimezila hadi yule kijana wa chipsi akiniona kwa mbali anavunja mayai bila kuuliza.

Nyumba yenyewe ni ya babu. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na bei ya mkonge ilipopaa wakati wa vita vya Korea, mwaka 1951, naye akachimba msingi hapa Ngamiani: vyumba sita, ukumbi katikati, uani banda lenye jiko, stoo na choo. Kwa hiyo ukilifuatilia jambo hili vizuri, jiko letu limejengwa na Wakorea. Na wanaolibomoa ni Wakorea haohao. Mama Zuhura, mke wangu, kila jioni yuko kwenye tamthilia zao zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kule msichana akiachwa na mchumba haendi kulilia chumbani, hulilia jikoni, na jiko lenyewe linang'aa mpaka chozi linajiona likidondoka. Siku moja akageuka, akalitazama banda letu la uani, kisha akanitazama mimi. Nikajua kiinua mgongo kimekwenda.

Binti yangu mdogo anasomea usanifu majengo huko Dar es Salaam. Nikampigia, nikijua huyu angalau ni damu yangu, hatanilia hela. Akanieleza kwamba hili jiko tunaloliita la kisasa, makabati yamejipanga ukutani kama askari wa gwaride, mwanzo wake ni Frankfurt mwaka 1926. Alilibuni mama mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo. Mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kiko mkononi, amehesabu mpaka hatua za mpishi ili asichoke bure. Yakafungwa majiko kama 10,000 hivi kwenye nyumba za mji ule. Nikavutiwa kwa kweli. Nikauliza, yeye mwenyewe alikuwa anapika nini zaidi? Binti akanyamaza kidogo. Akasema, Baba, yule mama baadaye alikiri kwamba wakati analibuni alikuwa hajawahi kupika, lakini hiyo siyo hoja.

Kwangu ni hoja. Nilipomsimulia Mama, Mama mzaa chema, miaka 84, mwenye jiko hasa, alisema neno moja tu: "Imeonekana."

Basi staili. Kijana wa dukani alinifungulia kitabu cha picha. Kuna modani, kuna klasiki, kuna rastiki. Rastiki ni mbao zilizokwaruzwa kwa makusudi zionekane za zamani, na bei yake inazidi ya mbao nzima. Kuna ya Skandinevia, nyeupe tupu, kuta nyeupe, kabati nyeupe, dari nyeupe. Aliyeibuni hiyo hajawahi kukaanga samaki wa bizari. Kuna indastrio: matofali bila plasta, mabomba nje, taa inaning'inia kwenye waya. Nikamwambia kijana, hiyo ndiyo tuliyoibomoa. Akasema hapana mzee, ile yenu haikuwa indastrio, ile ilikuwa haijaisha.

Kuna na jiko wazi, lile lisilo na ukuta kati yake na sebule. Hilo sikulijadili. Nyumba inayopika papa mkavu haijadili ukuta. Halafu fikiria mkwe amekaa sebuleni na kanzu yake, anakuona unaonja mchuzi kwa kiganja.

Sasa niwasimulie ya dizaina.

Mama Zuhura alimpata kwenye simu, kijana wa Dar es Salaam, anakuchorea jiko lako kwenye kompyuta linaonekana kama picha, unaliona kabla halijajengwa. Hela yake anaichukua kabla, hiyo nayo mnaijua. Nikatuma. Akanipigia, sauti ya heshima kabisa, shikamoo mzee, marahaba, sasa mzee nitajie vitu mnavyotumia jikoni kila siku ili kila kimoja nikipangie pa kukaa. Nikasema huyu kijana ana akili. Nikaweka sauti ya juu, Mama akawa pembeni yangu anachambua mchele.

"Mwambie mbuzi," Mama akasema, "akae karibu na mlango, penye mwanga."

Nikamwambia mbuzi, karibu na mlango, penye mwanga.

Kimya. Kisha: "Mbuzi mmoja, mzee?"

"Mmoja. Yupo mwingine lakini meno yamekwisha, tumemweka stoo."

"Pole sana. Na huyu mmoja... anakuwepo jikoni kila siku?"

"Kila siku. Labda siku tukila ugali, hapo anapumzika."

"Na pembeni pawe na pa kuweka machicha," Mama akadakia. Nikafikisha. Nikasikia anaandika.

"Halafu jambo moja la muhimu," nikasema, maana hili ndilo lililokuwa moyoni mwangu. "Mama yangu ni mtu mzima, magoti hayamruhusu. Mbuzi tuliyenaye ni mfupi mno. Nataka awe ameinuka kidogo, ili Mama akimkalia asipate tabu kunyanyuka."

"Anamkalia?"

"Sasa atafanyaje, asimame? Kwani ninyi kwenu mnafanyaje?"

"Sisi kwetu, mzee, mbuzi ni wa sikukuu tu."

Nikamhurumia, wallahi. Mtoto wa watu, anangoja wali wa nazi mpaka Idi. Nikamwambia akija Tanga afikie kwetu.

Picha ikaja baada ya siku tano. Jiko jeupe, taa tatu za duara, bakuli la malimau ambalo hakuna aliyeliagiza. Na karibu na mlango, penye mwanga, kizimba. Kizimba cha vyuma visivyoshika kutu, sakafu ina mteremko wa kutiririshia, kuna hori safi lililoandikwa MACHICHA, kuna kibomba cha maji ya kunywa. Ndani yake mbuzi. Mweupe, amevishwa kengele, anatazama friji. Ubavuni mwa kizimba, ngazi mbili fupi zenye mpini wa kushikia. Za Mama. Chini ameniandikia: "Mzee, nimezingatia mahitaji maalumu ya mteja. Kwa yule mgonjwa, stoo inahitaji dirisha."

Najua mtakuja kunisahihisha. Mtasema ungetamka "mbuzi ya kukunia nazi," na isitoshe mbuzi ya nazi ni "hii", siyo "huyu". Kwetu ni huyu. Ametulea.

Nilimwonyesha Mama ile picha. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mwisho akasema: "Hapo pa machicha pamekaa vizuri."

Tukaanza upya na dizaina, baada ya kucheka kwake na kutokucheka kwangu. Mchoro wa pili hauna kizimba, lakini una ailandi. Nini ailandi? Ni kisiwa. Meza kubwa inayosimama katikati ya jiko, peke yake, hukuiegemeza popote. Kijana wangu, mimi nimezaliwa Tanga. Visiwa navijua. Toten kile mbele ya bandari, Ulenge, Yambe. Kisiwa kinataka bahari. Jiko langu ni mita mbili na nusu kwa tatu, ukikiweka kisiwa katikati, Mama Zuhura na sufuria ya maharage hawawezi kupita kwa wakati mmoja, lazima mmoja apige honi.

Akaniambia basi tuzingatie pembetatu. Jiko, sinki na friji vifanye pembetatu, na ukizijumlisha pande zote tatu zisizidi kama mita nane, mpishi asitembee sana. Nikachukua futi kamba nikaipima pembetatu yangu. Jiko liko uani. Sinki ni bomba la nje, chini ya mwarobaini. Friji liko sebuleni, limevishwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu friji lisiloonekana na wageni ulilinunua la nini? Pembetatu yangu ina mita 31, inapita ukumbini, na upande mmoja unamruka mpangaji.

Fundi wa kabati yeye alikuja na dereli lake, akataka kutundika makabati ya juu. Ukuta wa babu ni mawe na udongo, umepakwa chokaa. Alipotoboa tundu la kwanza ukuta ukaanza kumwaga mchanga, taratibu, bila hasira, ukamwaga mpaka tukaona mwanga wa upande wa pili. Fundi akasema ukuta una tatizo. Huo ukuta umesimama tangu kabla ya uhuru, hakuna aliyewahi kuuambia una tatizo.

Na makabati ya chini ni ya MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Sisi jikoni tunadeki kwa ndoo. Unamwaga, unasukuma kwa fagio, maji yanatokea uani. Jirani alifunga ya MDF mwaka juzi, sasa milango imevimba kama imeng'atwa na nyuki. Mtiki uko hapohapo Muheza, msitu mzima wa Longuza. Nauliza kwa nini tusitumie mtiki, naambiwa mtiki siyo staili ya sasa.

Mnaona ninavyozungumza kwa utulivu. Nilikuwa mtulivu hata dukani leo, mpaka yule kijana aliposema meza ya kupikia iwe sentimita 90 kutoka chini, ndiyo kipimo, na juu yake jiko la kioo, bapa.

Hapo kitu kikanipanda. Sentimita 90 kwa ajili ya nani? Mama yangu anapika akiwa amekaa. Kakalia kigoda miaka sabini, mkono mmoja kwenye mwiko, macho kwenye moto. Nimsimamishe sasa hivi, na magoti yale, ili kabati lifanane na la kwenye kitabu? Na wali utapaliwa na nini? Juu ya mfuniko panawekwa makaa, wali ukauke juu na chini, ukoko utoke rangi ya dhahabu. Jiko la kioo lina moto wa chini tu. Nani kawaambia chakula kinaivia upande mmoja? Nayajua ya mkaa, bei ya gunia ninaijua kuliko ninyi, kifua cha Mama ninakisikia usiku. Serikali imesema ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 yetu tuwe tunapikia nishati safi, jambo jema, na mtungi wa gesi nimenunua, upo. Mama alipoambiwa alipiga hesabu ya umri wake akasema yeye atakuwa ndani ya zile 20.

Nikapaza sauti. Nilisema mimi sitaki staili! Nataka bomba lisilovuja! Nataka dirisha moshi utoke! Nataka mahali mama yangu akae apike asiunguzwe na jua, na bati lisilotoboka, basi, hiyo ni staili gani, niitie jina lake! Duka zima likanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa anachagua sinki akalirudisha polepole.

Kijana akakishusha kitabu. Akasema: "Kwa hiyo marumaru nikuwekee krimu?"

Nikasema krimu.

Maboksi kumi na manne. Dereva wa bajaji akasema uzito huo ni safari mbili, halafu akanitoza tatu. Nimefika nyumbani nimemkuta Mama chini ya mwarobaini, mafiga yake matatu, sufuria juu, anasema hapa pana upepo mzuri na huenda asirudi tena ndani. Ameniuliza marumaru ni za nini. Nikasema za jiko. Akasema, haya.

Lakini nazi hazijakunwa. Mbuzi ameazimwa tangu Ijumaa, ana harusi Barabara ya 14. Mama anahangaika na yule kibogoyo wa stoo, nazi inateleza tu. Acha niende nikamfuate. Ungo wetu nao walikuja kuuchukua, na kifumbu, na ngazi yangu iko hukohuko tangu mfungo uliopita, na fundi ananiambia paa haliezekwi bila ngazi. Sijui kwa nini watu wa Barabara ya 14 hawanunui ngazi. Mtaa mzima, nyumba zote zile, hakuna hata mmoja anayepanda mahali?