Afisa TEHAMA wa halmashauri yuko chini ya nani?

Saa tano asubuhi, kwenye korido ya halmashauri moja, mama mwenye duka la vifaa vya umeme alikuwa dirishani akisubiri kontrol namba ya kulipia leseni ya biashara. Mimi nilikuwa nyuma yake. Afisa biashara alijaribu, mfumo ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma. Akapiga simu: "TEHAMA, hebu shuka, mfumo haupandi." Kijana akaja, akagusa waya za rauta, akazima akawasha, akafungua tovuti nyingine ikafunguka bila shida. Akamgeukia yule mama akamwambia kwa adabu, "Samahani mama, mtandao wetu uko sawa. Tatizo liko juu."

Huko "juu" ndiko nataka tukuangalie. Kijana yule ni mtaalamu wa kompyuta mwenye shahada, ameajiriwa na serikali kwa kazi hiyo hasa, na bado mbele ya mfumo uliogoma hakuwa na la kufanya zaidi ya lile la yule mama. Aliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la maafisa wenzake na wasimamizi wa mfumo, akaketi kusubiri. Hakukosa ujuzi. Ofisi yake imepangwa hivyo, na mpangilio huo una sababu nzito ambazo wengi wanaolalamika dirishani hawazijui.

Tuanze na karatasi zinavyosema. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Katika muundo wa sasa, TEHAMA ni kitengo kinachojitegemea. Hakimo ndani ya idara ya utawala, na mkuu wake anawajibika moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mtendaji, sawa na mkaguzi wa ndani au mwanasheria. Wanaokumbuka muundo uliotangulia wanajua hii ni hatua kubwa. Zamani kiliitwa Kitengo cha TEHAMA na Uhusiano, na afisa yule yule aliyetakiwa kulinda seva alitakiwa pia kubeba kamera kwenye ziara ya Mkuu wa Wilaya, aandike habari, aipandishe kwenye tovuti kabla jua halijazama. Kuyatenganisha mambo hayo mawili lilikuwa jambo la busara, na lilichelewa.

Juu ya Mkurugenzi ipo TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inayosimamia halmashauri zote. Pembeni, lakini yenye nguvu kisheria, ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, yaani e-GA, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Ilianza mwaka 2012 ikiwa wakala. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 ikaipandisha kuwa mamlaka yenye meno: inaweka viwango, inapitia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma kabla haijaanza, na inakagua kama viwango vinafuatwa. Sheria hiyo hiyo inaitaka kila taasisi iwe na kamati ya kuongoza mambo ya TEHAMA.

Kwa hiyo kijana wetu ana wakubwa watatu kabla hajawasha kompyuta. Mkurugenzi ndiye anayemsainia likizo na kumpa gari. TAMISEMI ndiyo inayomletea mifumo. e-GA ndiyo inayomwambia mifumo na mitandao iweje. Na bado hatujawataja wenye mifumo yenyewe. MUSE ya malipo ni ya Hazina, na ndiyo iliyochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa Epicor. GePG inayotoa zile kontrol namba nayo ni ya Hazina. NeST ya zabuni, iliyoingia mwaka 2023 kuchukua nafasi ya mfumo uliotangulia wa TANePS, iko mikononi mwa mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma. TAUSI ya mapato na leseni ni ya TAMISEMI. PEPMIS ya kupima utendaji wa watumishi imetoka Utumishi. Ilipoingia, walimu na wauguzi waliokwama kujaza taarifa zao walipanga foleni kwenye mlango wa TEHAMA wa halmashauri, kwa mtu ambaye mfumo wenyewe alikuwa ameuona wiki chache tu kabla yao.

Sasa, kwa nini mifumo yote imewekwa juu? Wanaotetea mpangilio huu wana hoja, na hoja yao kubwa ni fedha.

Wakati kila halmashauri ilikuwa inanunua mfumo wake wa mapato, kila moja ilikuwa na mzabuni wake, mkataba wake na mapengo yake. Mzabuni akifunga ofisi, taarifa za walipa ushuru zinaondoka naye. Mbaya zaidi ni suala la nani ana mamlaka ya kufuta muamala. Ikiwa seva iko chumba cha pili kutoka kwa mweka hazina, na anayeisimamia anategemea hisani ya bosi huyo huyo kwa posho na uhamisho, unadhani ataweza kukataa akiambiwa "rekebisha hapo"? Ripoti za Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mwaka hadi mwaka habari za ushuru uliokusanywa kwa mashine za POS usifike benki. Tabia hiyo inahitaji mfumo ambao hakuna mtu wa wilayani anayeweza kuugusa kwa ndani. Nakubaliana na hoja hii bila kusita. Kumwondolea kijana wa wilayani ufunguo wa hifadhidata ya mapato ni kumlinda pia yeye.

Ipo na hoja ya hesabu tu. Kitengo cha TEHAMA kilichokamilika kinahitaji angalau mtu wa mifumo, mtu wa mtandao, mtu wa hifadhidata na mtu wa usalama. Hao ni wanne. Zidisha kwa halmashauri 184, unapata 736, na hapo hujagusa wizara, mikoa, mashirika wala hospitali za rufaa. Mtu wa usalama wa mitandao aliyeiva anatafutwa na benki na kampuni za simu, na mishahara yao halmashauri haiwezi kushindana nayo. Kuwaweka wachache pamoja Dodoma wakahudumia nchi nzima ni njia ya kueleweka.

Na ya tatu ni kusomana. Rais Samia Suluhu Hassan ameirudia mara kadhaa: mifumo ya serikali isomane, yaani ipeane taarifa yenyewe kwa yenyewe. Mwananchi asipeleke nakala ya kitambulisho kwenye ofisi tano za serikali hiyo hiyo moja. Huwezi kusomanisha mifumo mia iliyojengwa na watu mia, kila mmoja na lugha yake.

Hayo yote ni kweli. Lakini rudi kwenye ile korido.

Kinachowaumiza watu pale hakitokani na seva kuwa Dodoma. Mtumishi aliye mbele yao amebaki na jukumu bila mamlaka. Mwananchi anamlaumu yeye. Mkurugenzi, ambaye kikao cha mapato kinamsubiri, anamfokea yeye. Diwani akisimama kwenye Baraza kuuliza kwa nini leseni zimekwama wiki nzima, anayeitwa kujibu ni yeye. Na mwenye uwezo wa kurekebisha hayumo ukumbini, hamjui yule diwani, na hana sababu ya kuharakisha.

Mpangilio huo unamharibu pia mtaalamu mwenyewe, polepole. Ukiingia ofisini kwake utaona printa tatu zilizofunguliwa matumbo, UPS zilizokufa zimepangwa chini ya meza, na katriji za wino kwenye kiti cha wageni. Simu inaita: "Kijana wangu, projekta haisomi, wageni wameshakaa." "Shikamoo mzee, nakuja." Akitoka huko anakutana na mtu wa Zoom. Akirudi, kuna mtu amesahau nywila. Miaka mitano ya namna hii, yule aliyesoma kuandika programu anakuwa amesahau alichosomea, na pale halmashauri itakapohitaji mtu wa kusema mkataba fulani wa vifaa ni wa hovyo, hatakuwepo wa kusema. Serikali ililipa mtaalamu, ikamtumia kama fundi wa dharura.

Wakurugenzi nao wana la kujibu hapa, tusiitupe lawama yote Dodoma. Muundo umewapa kitengo kinachowajibika kwao moja kwa moja, lakini wangapi wanamwita mkuu wa TEHAMA kwenye kikao cha kupanga bajeti, na si kwenye kikao cha kuunganisha spika? Kasma ya TEHAMA mara nyingi hutegemea mapato ya ndani, na mapato yakipungua ndiyo ya kwanza kukatwa. Kamati ya TEHAMA inayotakiwa kisheria ikikutana tu ili muhtasari upatikane wakati wa ukaguzi, basi kitengo kipo kwenye chati ukutani tu.

Hatari ya kukusanya vyote mahali pamoja nayo si ya kufikirika. Majirani zetu Kenya walionja Julai 2023. Walikuwa wameamua kupeleka huduma za serikali zaidi ya 5,000 kwenye jukwaa moja la eCitizen, uamuzi wenye faida zote nilizozitaja. Jukwaa likashambuliwa. Wasafiri wakashindwa kuomba viza mtandaoni hadi serikali ikarudi kuzitoa mtu anapotua, na shughuli nyingine nyingi zikakwama kwa pamoja kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Somo ninaloliona pale ni kwamba ukijenga mlango mmoja, wale walio kwenye vituo lazima wawe na njia iliyoandikwa na kuidhinishwa ya kuendelea kuhudumia mlango huo ukifungwa, na mtu mwenye amri ya kuitumia. Kwenye halmashauri nyingi zetu njia hiyo bado ni ile ya "njoo kesho".

Mimi natofautisha umiliki wa mfumo na uwezo wa kuuhudumia, vitu ambavyo mpangilio wetu umevifunga kwenye fungu moja. Seva, msimbo na haki ya kugusa muamala vibaki juu. Lakini afisa wa halmashauri apewe dirisha la kuona: mfumo uko hai au la, ombi la kontrol namba limekwama hatua gani, lilifika GePG au liliishia njiani. Kuona tu, bila kubadilisha. Asubuhi ile angeweza kumwambia yule mama, "Ombi lako limefika Hazina, halijarudi, nenda dukani nitakupigia." Hayo ni mazungumzo tofauti kabisa na kunyoosha kidole juu.

La pili ni wajibu wa muda. TAMISEMI, Hazina na wengine wenye mifumo wanawataka watumishi wa chini wafunge hoja kwa tarehe. Basi nao wafungwe na saa. Hitilafu inayozuia mapato ijibiwe ndani ya saa kadhaa zinazojulikana, kupitia mfumo wa tiketi unaoacha kumbukumbu, na Baraza la Madiwani lipewe orodha yake kila robo mwaka. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kusaidiana usiku, lakini halimbani mtu yeyote.

La tatu linabishaniwa, nami nalisema nikijua. Wale wataalamu adimu wa usalama na hifadhidata wasibaki Dodoma tu, wala tusijidanganye kuwapeleka halmashauri zote. Wawekwe kwenye sekretarieti za mikoa. Mikoa 26 kwa halmashauri 184 ni wastani wa halmashauri saba kwa kila timu, umbali ambao mtu anaweza kuufika kwa gari siku hiyo hiyo. Wapo wanaosema hii ni kuongeza ngazi nyingine ya kupandia, barua izidi kuchelewa. Hofu hiyo ina msingi. Mkoa ukigeuzwa kituo cha kupitishia barua, heri usingeguswa. Timu hiyo iwe na funguo zake, isiwe sanduku la posta.

Na kuna jambo jipya ambalo naona linaangukia kitengo hiki kimya kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taasisi ziwe na afisa wa kulinda taarifa za watu. Wa kwanza kunyooshewa kidole ni TEHAMA, kwa kuwa "mambo ya kompyuta ni yao". Hapana. Mtu anayetunza taarifa hawezi kuwa ndiye anayejichunguza kama anazitunza vizuri. Kazi hiyo ikae kwa mwanasheria au mtu mwingine asiye na nywila ya mfumo, hata kama itambidi aje TEHAMA kuuliza maswali kila siku.

Kontrol namba ya yule mama ilitoka saa tisa na nusu. Nilikuwa bado pale, na yangu ilifuata dakika chache baadaye. Kijana wa TEHAMA alishuka mwenyewe kumwita kutoka chini ya mwembe alikokuwa amekaa, akamsaidia kulipa kwa simu, akamwandikia namba ya risiti kwenye kipande cha karatasi. Nilimuuliza tatizo lilikuwa nini. Akasema hajui, hawakumwambia.